Shetani Hakuwa Shofere Wetu

Masomo: Nehemia 2:1-15, Marko 2:1-5, Marko 5:21-43, Yakobo 4:13-15

 

Tunawasalimu ninyi mliokaa karibu na redio, wa Makobola, wa Swima, wa Mboko, wa Nundu, wa Baraka, na ninyi wa Uvira mnaotusikia kutoka upande ule. Tunawasalimu na ninyi mtakaoisoma karatasi hii baadaye, nyumbani au chini ya mwembe. Leo hatukuja na ushuhuda wa ushindi. Tumekuja na ushuhuda wa kutubu. Tunaomba mtusikilize mpaka mwisho, kwa sababu yaliyotupata sisi yanaweza kumpata kila mtu anayebeba mgonjwa wa watu ndani ya gari.

Ilikuwa mwaka 2019. Katika kanisa letu alikuwako Mama mmoja, mjane, mwombaji, ambaye wengi wetu alitufundisha kuimba tukiwa wadogo. Macho yake yalianza kufifia. Alikuwa akigonga mlango kwa bega, akimwaga maji kando ya kikombe. Muuguzi alimtazama akasema: hii ni presha ya jicho, msicheze nayo, mpelekeni Bukavu. Tukapata randevu kwa daktari wa macho: siku ya Jumanne, saa mbili asubuhi. Tulielezwa wazi kwamba saa tatu daftari la siku hiyo linafungwa, kwa sababu wagonjwa ni wengi na daktari ni mmoja.

Kanisa likatoa. Wengine walitoa faranga, wengine mihogo ya kuuza, mvuvi mmoja akatoa mauzo ya usiku mzima wa dagaa. Tukakodi gari. Sisi mashemasi wanne tukachaguliwa kumsindikiza Mama. Tukafunga na kuomba siku tatu kwa ajili ya safari ile. Tunasema hili ili mjue kwamba maombi hayakupungua.

Hospitali yenyewe ilikuwa upande wa pili wa mji wa Bukavu. Kwa sisi tunaotoka kusini, maana yake ni kuingia kwa Panzi na kuuvuka mji wote. Na hapo ndipo hadithi yetu inapoanza kuharibika.

Siku ya Jumatatu tulikuwa tumesema tutaondoka Makobola alfajiri, kukikucha tu. Tuliondoka saa nne na nusu. Mmoja wetu alikuwa amerudi nyumbani kuchukua koti. Kwaya ilitaka kutuimbia wimbo wa kuaga, na wimbo ukazaa wimbo. Shofere alikuwa hajatia mazuti. Tukapita Uvira jua likiwa juu, tukapita Sange, Luvungi, mpaka Kamanyola, tukaanza kupanda mlima wa Ngomo jua likishuka. Wanaoijua barabara ile ya Ngomo, na mabonde yake, wanajua kwamba haipandwi kwa haraka. Tulipofika Nyangezi kulikuwa usiku, na shofere akasema hataendelea gizani. Alikuwa na haki. Tukalala kwa wapendwa.

Jumanne asubuhi tuliamka saa kumi na moja. Tukaomba. Wenyeji wakatuletea chai, na baada ya chai mzee wa nyumba akatoa neno, na sisi tukajibu neno lake kwa neno, kama desturi yetu ilivyo. Tukaondoka saa kumi na mbili na nusu. Mmoja wetu akasema, “Bukavu si mbali, tunaingia mara moja.” Nasi tukaitika Amina, kana kwamba ni ahadi ya Mungu. Kumbe yalikuwa maneno ya mtu asiyejua mji unaamka saa ngapi.

Wapendwa, kwa ninyi ambao hamjaufikia mji ule, tuueleze kidogo. Bukavu umejengwa juu ya milima na juu ya ndimi za nchi zinazoingia ndani ya Ziwa Kivu. Wabelgiji waliouita Costermansville waliupanga kwa watu wachache. Leo umejaa mpaka juu ya miteremko, lakini njia kubwa ni zilezile chache. Ukitoka Panzi unapita Essence, unakwenda mpaka Place de l'Indépendance, unaingia avenue Lumumba, unafika Nyawera. Huku ni mlima, huku ni ziwa. Hakuna barabara nyingine pana ya kukwepea. Na kila asubuhi, saa ileile, wanafunzi, walimu, wafanyakazi wa serikali, mama wauzaji, kamioni za mizigo na pikipiki zisizohesabika, wote wanaingia katika njia hiyo moja. Wale waliokaa kambi ya Nyarugusu kule Tanzania watasema ni foleni. Jina lolote utakalotumia, ni kusimama.

Tulifika Essence kabla ya saa moja na nusu. Tukasimama. Gari likasogea urefu wa mtumbwi, likasimama tena. Saa mbili ikatukuta palepale. Tukaanza kukemea. Tukaiamuru njia ifunguke katika jina la Yesu. Mbele yetu kamioni ilikuwa imeegeshwa ikishusha saruji, na polisi wa barabarani akinyoosha mikono ambayo hakuna aliyeitazama. Saa mbili na nusu tukaacha kukemea pepo, tukaanza kumkemea shofere. “Toka kwenye mstari! Pita kushoto! Wenzako wanapita!”

Akatoka. Na wengine nyuma yake wakatoka. Dakika chache tu, magari yanayotoka mjini yakakosa nafasi ya kupita, nayo yakasimama, na sisi tuliokuwa tumetoka tukakosa pa kurudi. Sasa pande zote mbili zimefungwa. Hivyo ndivyo msongamano unavyokua: kila mmoja anajipanulia njia yake, na njia ya wote inaziba. Katika kujisukuma huko, kioo cha pembeni cha gari letu kilimgusa mtoto wa shule begani. Hakuumia, Mungu ni mwema. Lakini alitutazama, na juu ya kioo cha mbele tulikuwa tumeandika kwa chokaa: YESU NI BWANA.

Tulifika hospitali karibu na saa nne. Daftari lilikuwa limefungwa. Yule aliyekuwa akiandika alituonea huruma, lakini orodha ilikuwa imejaa watu waliolala kwenye benchi tangu usiku. Akatupa tarehe nyingine: miezi miwili mbele.

Tukarudi Makobola. Na Jumapili tukasimama mbele ya kanisa tukatoa ushuhuda. Tulisemaje? Tulisema, “Wapendwa, shetani alitupiga vita vikali njiani. Alituzibia barabara ya Bukavu.” Kanisa likaugua, likasema, “Ashindwe!” Mama alikuwa ameketi mbele, na kitambaa chake cheupe. Hakusema Ashindwe. Baada ya ibada alituita kwake, akatukalisha, akatuambia kwa sauti ya upole:

“Wanangu, shetani ana makosa mengi, msimwongezee yasiyo yake. Siku ile shetani hakuwa shofere wetu.”

Tulinyamaza. Tumelibeba neno hilo mpaka leo.

Wapendwa, tulipokuwa tunasema kwamba shetani ameziba barabara ya Bukavu, tulisahau jambo moja: barabara ile ilizibwa Jumatatu pia, na Jumatano, na Alhamisi, saa ileile. Ilikuwa inazibwa kabla Mama hajaanza kuugua. Kila mtu wa Panzi anajua. Muuza chapati wa Essence anajua. Sisi tu, watu wa maombi, ndio hatukuuliza. Basi neno letu leo ni hili: jambo linalojulikana mapema si la kuachiwa muujiza. Mungu alikwisha kutupa masikio ya kuuliza, na midomo ya kuuliza nayo.

Kuna vizuizi vya aina mbili. Kipo kizuizi ambacho hakuna mtu anayekijua. Katika mwezi wa nne mwaka 2020, usiku wa mvua, mto Mulongwe ulifurika pale Uvira. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zilibomoka, madaraja yakaharibika, na mji ambao una barabara moja kubwa kati ya mlima na ziwa ukakatika vipande. Aliyekuwa na safari asubuhi ile hakuwa mjinga. Hapo mtu analia kwa Mungu, na anamsaidia jirani. Na sisi wa Makobola, ambao mwisho wa mwaka 1998 ulituachia makaburi, hatuhitaji kufundishwa kwamba kuna siku njia hufungwa na watu wabaya. Hatulitaji jambo hilo kwa wepesi. Tunalitaja kwa sababu linatufundisha tofauti. Kuna uovu wa kweli, na kuna mafuriko ya kweli. Tukiviita hivyo jina moja na kuchelewa kwetu kwa sababu ya koti na chai, tunayadharau machozi ya kweli.

Kizuizi cha pili ni kile kinachokuja kila siku kwa saa yake. Msongamano wa asubuhi ni wa namna hiyo. Una ratiba kama kengele ya shule. Si wa Bukavu peke yake. Miaka kama 45 kabla ya Kristo, sheria ya Yulio Kaisari iliizuia mikokoteni mingi isiingie Roma mchana, maana njia zilikuwa nyembamba na watu wengi. Kinshasa, mji mkuu wetu, waliweka roboti za chuma za kuongoza magari mwaka 2013, na mwezi wa kumi mwaka 2024 serikali ikajaribu kuzifanya barabara kadhaa ziwe za upande mmoja kwa saa fulani. Watu wa dunia wanahangaika na jambo hili tangu zamani. Mtu wa Mungu anayeingia mjini na mgonjwa hawezi kujifanya hajui.

Sasa tumtazame Nehemia. Alisikia habari za Yerusalemu akalia, akafunga, akaomba. Ukisoma kutoka mlango wa kwanza hadi wa pili utaona miezi ilipita akiwa katika maombi. Lakini mfalme alipomwuliza safari itachukua muda gani, na atarudi lini, Nehemia hakusema, “Mfalme, Mungu ndiye anayejua.” Alitaja muda. Kisha akaomba barua kwa watawala wa ng'ambo ya Mto, ili wampitishe. Akaomba barua nyingine kwa mtunza msitu, kwa ajili ya miti. Mwaone: alikuwa amekwisha kufikiri juu ya kila bariere ya njiani, na juu ya mbao, kabla hajaulizwa. Na katikati ya swali la mfalme na jibu lake, aliomba. Maombi na hesabu vilikaa ndani ya kifua kimoja, wala havikugombana.

Tena alipofika Yerusalemu hakuanza kelele. Aliondoka usiku na watu wachache, akauzunguka mji. Alifika mahali pamoja ambapo mnyama aliyempanda alikosa nafasi ya kupita. Mnasikia? Nehemia naye aliukuta msongamano, wa mawe. Lakini aliukuta usiku, akiwa anakagua, wakati kosa halina gharama. Akageuka, akapandia bondeni. Kulipokucha alikwisha kujua ni wapi mtu anapita na wapi hapitiki. Sisi tulikuja kukagua barabara ya Bukavu tukiwa na Mama ndani ya gari, na saa mkononi.

Tumtazame na yule mwenye kupooza wa Marko 2. Watu wanne wanambeba. Sisi pia tulikuwa wanne. Mlango umejaa watu, hakuna pa kupita. Wale wanne hawakuukemea umati, hawakumsukuma mtoto wa mtu kwa bega. Walitafuta njia nyingine, wakapanda juu, wakafungua dari. Na Biblia inasema Yesu aliiona imani yao. Aliionea wapi? Katika kazi ya mikono yao juu ya dari. Imani ya wale wanne ilikuwa na vumbi.

Lakini tunajua mtatuuliza swali, kwa sababu na sisi tulijiuliza. Mbona Yesu mwenyewe alichelewa njiani? Katika Marko 5 Yairo anamwita, binti yake yu mahututi, na njia imejaa watu wanaosongana. Yesu akasimama katikati ya njia, na binti akafa kabla hajafika. Je, huo si ushahidi kwamba saa si kitu?

Soma vizuri, mpendwa. Yairo alipomwita, Yesu aliondoka naye. Hakumaliza kwanza nyimbo. Njiani alisimama kwa sababu ya mwanamke aliyeteseka miaka 12. Alisimama kwa ajili ya mgonjwa. Sisi tulisimama kwa ajili ya chai. Naye aliyesimama alikuwa na uwezo wa kuingia katika nyumba ya msiba, kumshika binti mkono na kumwamsha. Sisi hatuna nguvu hiyo mikononi mwetu. Asiye na uwezo wa kufufua, na aondoke mapema.

Wengine watatukumbusha Yakobo 4. Pale mtume anawaonya wale wanaosema leo au kesho tutaingia mji fulani, tukae, tufanye biashara, tupate faida. Anawafundisha waseme Bwana akipenda. Ni kweli, na sisi tunalisema. Lakini Yakobo anakemea majivuno ya moyo, si kuhesabu saa. Na tukijichunguza, nani alikuwa na majivuno? Yule anayesema, “Sijui njia ikoje, niulize kwanza,” au yule anayesema, “Tunaingia mara moja”? Kupanga safari kwa unyenyekevu ni namna ya kukiri kwamba mji si wangu, barabara si yangu, na saa hainisubiri.

Miezi miwili ilipita, tukajiandaa tena. Safari hii tulimpigia simu kijana wetu mmoja anayeendesha pikipiki Bukavu. Tukamwuliza: mji unajaa saa ngapi, unapungua saa ngapi, wapi panaziba zaidi? Akacheka, akasema, “Baba zangu, mngeniuliza mara ya kwanza.” Akatueleza kwamba asubuhi mpaka karibu na saa tatu usijaribu na mgonjwa, na jioni watu wanaporudi nyumbani usijaribu pia, mchana katikati kuna nafasi. Akatupa neno kubwa kuliko yote: “Msilale upande huu wa mji. Vukeni mchana, mlale upande wa hospitali.”

Hivyo ndivyo tulivyofanya. Wimbo wa kuaga uliimbwa jana yake jioni. Shofere alitia mazuti na kutazama tairi jana yake. Miaka ile barabara ya Kamanyola ilikuwa wazi. Sote tunajua kwamba hufunguliwa na kufungwa, kwa hiyo tuliuliza habari za njia usiku, tukauliza tena asubuhi. Tuliondoka Makobola kulipopambazuka. Mchana tuliingia Panzi, tukavuka Essence na Nyawera magari yakitembea, na kabla ya saa kumi tulikuwa nyumbani kwa mpendwa mmoja, mwendo mfupi wa miguu kutoka hospitali.

Asubuhi tulimshika Mama mikono tukatembea polepole. Barabarani kulikuwa na mstari wa magari yaliyosimama, honi zikilia. Mama akauliza, “Hao ni watu gani wanaolia hivyo?” Tukamjibu, “Mama, hao ni sisi wa mara ya kwanza.” Akatabasamu. Saa moja na robo tulikuwa kwenye benchi.

Daktari alimpima kwa muda mrefu. Jicho la kulia alilitibu, na mpaka leo linaona. Jicho la kushoto alisema mshipa wake umekwisha kufa, na kuona kulikopotea kwa ugonjwa ule hakurudi. Hakutuambia kwamba ni kwa sababu ya ile miezi miwili. Hakutuambia pia kwamba siyo. Wala hatukuthubutu kumwuliza.

Wapendwa, hatutaki mwondoke na huzuni tu. Tuchukue mambo matano ya kutenda.

La kwanza, anza kuhesabu kutoka mwisho. Usiulize tutaondoka saa ngapi. Uliza tunatakiwa kuwa pale saa ngapi, kisha rudi nyuma hatua kwa hatua: mji unachukua muda gani kwa saa ile, mlima muda gani, bariere muda gani. Utakapofika mlangoni pako utaona saa yako ya kuondoka, na mara nyingi ni mapema kuliko ulivyodhani.

La pili, mwulize anayekaa kule. Mtu wa pikipiki, muuza sokoni, mwanafunzi. Usione aibu. Mfalme Sulemani ametuachia mithali nyingi juu ya faida ya kushauriwa.

La tatu, vuka mji wakati wengine hawavuki. Barabara ikikaribia kujaa, magari machache yanayoongezeka yanaisimamisha yote. Kwa hiyo ukichelewa nusu saa kuondoka, unaweza kuchelewa saa moja na nusu kufika. Kama kuna mgonjwa, tangulia siku moja, ulale upande wa pili. Na ninyi mnaokaa mijini, Uvira, Bukavu, Bujumbura: kitanda chako kimoja karibu na hospitali ni huduma ya Kristo. Mfungulie mgeni.

La nne, mheshimu shofere. Ongea naye jana yake juu ya mazuti, tairi na hati. Mwache alale. Njiani usimfundishe dhambi kwa sababu ya uvivu wako wa asubuhi. Ukiwa umechelewa, pokea kuchelewa kwako kama mtu mzima, ukae kwenye mstari. Mtoto wa shule anayepita kando ya gari ni wa Mungu sawa na mgonjwa aliye ndani.

La tano, acha nafasi. Weka nusu saa isiyo ya mtu. Yule Msamaria wa Luka 10 aliweza kushuka kwa sababu alikubali safari yake ikatizwe. Mtu aliyebanwa na saa hata akimwona aliyejeruhiwa hana moyo wa kusimama. Nusu saa hiyo ni sadaka: njia ikiwa wazi, utaitumia kwa kuomba kwenye benchi, mtu akiwa ameanguka barabarani, utakuwa na kitu cha kumpa.

Na baada ya hayo yote, useme Bwana akipenda, na uiseme kwa moyo wako wote. Kwa maana mto unaweza kufurika. Daraja linaweza kuanguka. Siku hiyo utasimama mbele za Mungu mikono mitupu, lakini mikono safi, ukisema: Bwana, yaliyokuwa yangu nimeyafanya, yaliyo yako nayaleta.

Mama yuko hai. Jumapili anakaa upande wa kushoto wa kanisa, ili jicho lake la kulia liione madhabahu na watoto wa kwaya. Kila anaposikia kwamba kuna safari ya mgonjwa, anatuma mjukuu wake kwetu na swali moja: “Bibi anauliza, mmekwisha kuuliza njia?” Nasi tunamjibu, tumeuliza, Mama. Tumeuliza jana.

Tuombe.

Baba yetu, tunakushukuru kwa miguu, kwa magurudumu na kwa barabara. Utusamehe pale tulipokuachia wewe kazi uliyotupa sisi, na pale tulipompa adui sifa ya uzembe wetu. Uwakumbuke wagonjwa walio njiani asubuhi hii, na walio ndani ya magari yaliyosimama. Uwape mashofere subira. Utufundishe kuondoka mapema kwa sababu ya upendo. Na siku njia zote zitakapofungwa kweli, uwe wewe njia yetu. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.